Gerardus Mercator (1512–1594): Mchoraramani Baina ya Sanaa na Sayansi

1.0 Utangulizi

Jina la Mercator si geni kwa mtu yeyote aliyepata kusoma jiografia katika shule za Afrika Mashariki. Hutajwa pamoja na ile ramani ya dunia ambayo kwa miongo mingi ilitundikwa katika kuta za madarasa, yenye kisiwa cha Greenland kinachokaribia kulingana na bara zima la Afrika. Kwa sababu hiyo wengi hulidhania kuwa ni jina la kanuni tu. Na wale wanaojua zaidi kidogo humfikiria mwenye jina hilo kuwa mwanahisabati aliyekaa chumbani mwake na kupiga hesabu. Watu wa zama zake hawakumjua hivyo. Kwao alikuwa kwanza kabisa fundi: mnakshi wa mabamba ya shaba, mwandishi wa hati safi, mtengenezaji wa matufe na wa ala za kupimia nyota. Hisabati yake waliiheshimu, lakini kilichofanya kazi zake zinunuliwe na wafalme na wasomi ni kwamba zilisomeka na zilipendeza.

Wanahistoria wa ramani wamebishana kwa muda mrefu iwapo ramani ni zao la sanaa au la sayansi. Lipo dai moja linalorudiwa mara nyingi, kwamba uchoraji ramani ulianza kama sanaa, kisha ukageuka kuwa sayansi kadiri vipimo vilivyozidi kuwa sahihi na nakshi zilivyozidi kupungua. Dai hilo ni rahisi kulikumbuka, na pengine ndiyo sababu limedumu. Maisha ya Mercator hayakubaliani nalo. Katika kazi zake si rahisi kuonyesha mahali ambapo mkono unaishia na hesabu inaanzia, na mahali penyewe ambapo hesabu yake ilifanya jambo jipya kuliko yote, yaani ramani ya mwaka 1569, ndipo penye kazi kubwa zaidi ya mkono.

2.0 Kutoka Rupelmonde Hadi Leuven

Mercator alizaliwa tarehe 5 Machi 1512 katika mji mdogo wa Rupelmonde, kando ya mto Scheldt, katika jimbo la Flanders ambalo leo liko Ubelgiji. Alikuwa mtoto wa saba wa Hubert de Kremer, fundi viatu, na mkewe Emerance. Wazazi hao walikuwa wenyeji wa Gangelt, upande wa Ujerumani, na walikuwa wamekwenda Rupelmonde kwa ndugu yao Gisbert, padri aliyehudumia nyumba ya wagonjwa na wasafiri ya mji huo. Baadaye familia nzima ilihamia hapo. Ilikuwa familia ya kimaskini, na bila shaka mtoto huyo angerithi sindano na ngozi za baba yake lau si padri Gisbert. Baba alipofariki mwaka 1526, ni padri huyo aliyebeba mzigo wa malezi na kumpeleka kijana katika shule ya Ndugu wa Maisha ya Pamoja mjini 's-Hertogenbosch.

Shule hiyo ina umuhimu wa pekee katika maisha yake. Ndugu hao walijulikana kwa kunakili vitabu kwa mkono, na kwao hati nzuri ilikuwa sehemu ya ibada. Mmoja wa walimu wake alikuwa Macropedius, mwandishi mashuhuri wa tamthilia za Kilatini. Hapo kijana alijifunza Kilatini, na kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa wakati ule alilibadili jina lake likawa la Kilatini: Kremer, yaani mchuuzi, likawa Mercator, yaani mfanyabiashara. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba jina lililoheshimika kiasi hicho halikuwa na maana kubwa zaidi ya ile ya mwanzo.

Mwaka 1530 aliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Leuven katika orodha ya wanafunzi maskini, akapata shahada yake mwaka 1532. Masomo ya wakati huo yalitawaliwa na falsafa ya Aristotle, na Mercator aliona kwamba mafundisho ya mwanafalsafa huyo juu ya asili ya ulimwengu hayapatani na yale ya kitabu cha Mwanzo. Swali hilo lilimsumbua kiasi cha kumfanya aiache Leuven kwa muda. Halikumwacha hata uzeeni. Kitabu chake cha mwisho kinafungua kwa maelezo marefu ya kuumbwa kwa ulimwengu. Alirudi Leuven mwaka 1534, safari hii akiwa na shauku ya hisabati, akamwendea Gemma Frisius.

Gemma alikuwa kijana tu, mwenye umri unaozidi wa Mercator kwa miaka michache, lakini alikuwa tayari mwanahisabati mwenye sifa. Mwaka 1533 alikuwa ameeleza kwa maandishi njia ya kupima nchi kwa pembetatu: mpimaji akijua urefu wa mstari mmoja na pembe mbili, aweza kujua masafa mengine bila kuyatembea. Pamoja nao alikuwapo Gaspar van der Heyden, sonara na mnakshi. Kwa Gemma, Mercator alipata hesabu. Kwa van der Heyden alipata kalamu ya chuma. Tufe la dunia lililotolewa na watu hao watatu mwaka 1536 linaonyesha mgawanyo wa kazi ulivyokuwa: maarifa ni ya Gemma, ufundi wa shaba ni wa van der Heyden, na herufi ni za Mercator. Mwaka huohuo alimwoa Barbara Schellekens, ambaye alimzalia watoto sita.

3.0 Herufi na Shaba

Yafaa kukaa kidogo juu ya suala la herufi, kwa kuwa wachambuzi wengi hulipita haraka kama kwamba ni pambo tu.

Ramani nyingi za kaskazini mwa Ulaya za mwanzo wa karne ya 16 zilichongwa juu ya mbao. Ubao hauruhusu mstari mwembamba sana, na herufi ndogo zilizochongwa humo huvunjika upesi. Aidha, hati iliyozoeleka katika nchi hizo ilikuwa ile ya Kigothi, nzito na yenye kusongamana. Matokeo yake ni kwamba mchoraji alilazimika kuchagua: ama aweke majina machache, ama aifunike nchi kwa wino. Mercator alichukua shaba badala ya ubao, na badala ya hati ya Kigothi akachukua hati ya mlazo iliyokuwa ikitumiwa Italia. Hati hiyo ni nyembamba, huinama kidogo, na husomeka hata ikiwa ndogo mno. Mwaka 1540 alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini cha kufundisha namna ya kuiandika: jinsi ya kuchonga kalamu, jinsi ya kuishika, pembe ya kuiweka juu ya karatasi, na mpangilio wa mikato inayounda kila herufi. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha aina yake kaskazini mwa milima ya Alps.

Mtu akikitazama kitabu hicho kwa makini ataona kwamba mwandishi wake anaigawa herufi kama mwanajiometri anavyoligawa umbo. Kila mstari una mwelekeo wake na urefu wake. Hapo tayari sanaa imekwisha kupimwa. Na kwa upande wa pili, uchaguzi huo wa hati ulikuwa na matokeo ya kisayansi yasiyopingika: ramani iliweza sasa kubeba majina mengi zaidi, kila jina likakaa karibu kabisa na mahali pake, na msomaji akaweza kulinganisha habari ambazo hapo awali zisingeingia katika karatasi moja. Kunakshi kwenyewe kulifanywa kinyumenyume, kwani herufi zilizochorwa juu ya bamba hugeuka zinapopigwa chapa. Mercator alifanya kazi hiyo kwa mkono wake kwa miaka zaidi ya hamsini.

Kazi zilifuatana haraka. Mwaka 1537 alitoa ramani ya Nchi Takatifu. Mwaka 1538 ramani ndogo ya dunia yenye umbo la mioyo miwili iliyounganishwa, ambamo jina la Amerika lilitumika kwa kaskazini na kusini pia. Mwaka 1540 ramani ya Flanders. Tufe lake mwenyewe la mwaka 1541, lenye kipenyo cha sentimita 41 hivi, lilikuwa na jambo ambalo halikuwa katika matufe yaliyotangulia. Juu ya bahari alichora mistari iliyopinda, inayokwenda ikizunguka kuelekea kwenye ncha za dunia mfano wa ganda la konokono. Hiyo ilikuwa njia ya chombo kinachoshika upande mmoja wa dira bila kubadili. Mreno Pedro Nunes alikuwa ameieleza mistari hiyo mwaka 1537. Nahodha aliyezoea kuona mwendo wake ukichorwa kama mstari ulionyooka juu ya karatasi angeshangaa kuuona umepinda juu ya tufe. Lakini tufe ndilo lililosema kweli.

4.0 Rupelmonde kwa Mara ya Pili

Mnamo mwaka 1544 mambo yaligeuka. Watawala wa Kikatoliki wa nchi hizo walianza msako wa watu walioshukiwa kufuata mafundisho ya Luther, na katika orodha ya washukiwa 43 limo jina la Mercator. Maofisa walipomfuata Leuven hawakumkuta. Alikuwa amekwenda Rupelmonde kushughulikia mirathi ya padri Gisbert, aliyekuwa amefariki. Kutokuwapo kwake kulitafsiriwa kuwa ni kutoroka. Alikamatwa na kufungwa katika ngome ya Rupelmonde, mji uleule aliozaliwa, akakaa humo miezi saba hivi.

Miongoni mwa tuhuma ilikuwamo kwamba aliwaandikia barua za kutia shaka watawa wa mjini Mechelen. Barua hizo hazikupatikana. Chuo Kikuu cha Leuven na padri wa parokia yake walimtetea kwa maandishi, jambo lililohitaji ujasiri, kwani kumtetea mtuhumiwa kulikuwa karibu sawa na kujitia katika kesi yake. Hatimaye aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Baadhi ya washukiwa wenzake hawakuwa na bahati hiyo: wapo waliochomwa moto, na wapo wanawake waliozikwa wakiwa hai.

Mercator hakuacha maelezo ya miezi hiyo. Hata hivyo, si sahihi kuichukulia kama ajali iliyopita. Mchoraramani wa karne ya 16 alifanya kazi katika eneo la hatari, maana kuuchora ulimwengu kulikuwa ni kusema jinsi Mungu alivyouumba na nani anaumiliki. Yeye mwenyewe alibaki mtu wa dini mno, na mwenye kunyamaza mno. Baada ya 1544 hakutoa ramani yoyote mpya kwa takriban miaka kumi. Alirudi kwenye matufe na ala. Alimtumikia Kaizari Charles wa Tano, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kwa mujibu wa Walter Ghim, jirani yake na mwandishi wa kwanza wa maisha yake, alimtengenezea kaizari huyo jozi ya matufe madogo: la dunia likiwa la mti, na la mbingu likiwa la kioo safi, nyota zake zikiwa zimechorwa kwa almasi na kutiwa dhahabu. Haiwezekani kusema kama kitu hicho kilikuwa chombo cha elimu au kito cha thamani. Aliyekiagiza hakuona haja ya kuuliza.

5.0 Duisburg

Mwaka 1552 alihama na jamaa yake yote kwenda Duisburg, katika nchi ya Duke Wilhelm wa Cleves. Duke huyo alikuwa mpole katika mambo ya dini, na alikusudia kufungua chuo kikuu mjini hapo. Chuo hicho hakikufunguliwa hadi mwaka 1655, lakini Mercator hakuondoka tena. Alifundisha hisabati kwa miaka michache katika shule ya mji kuanzia 1559, na mwaka 1564 akateuliwa kuwa mwanakosmografia wa Duke.

Ramani yake ya Ulaya ya mwaka 1554, yenye karatasi 15, ndiyo iliyompatia sifa iliyoenea. Tangu zama za Ptolemy, msomi wa Iskanderia wa karne ya pili, Bahari ya Kati ilikuwa ikipewa urefu wa nyuzi 62 za longitudo. Mercator aliipunguza ikawa nyuzi 53 hivi. Urefu wa kweli ni kama nyuzi 42, kwa hiyo hata yeye alikuwa bado mbali. Lakini kumpunguzia Ptolemy nyuzi tisa kwa mkupuo mmoja halikuwa jambo dogo. Masahihisho hayo hayakutokana na upimaji wake mwenyewe. Aliyapata kwa kukaa mezani na kulinganisha: habari za wasafiri, ramani za mabaharia, majedwali ya wanajimu, barua alizoandikiana na wasomi wa nchi mbalimbali. Habari hizo zilipingana, naye alilazimika kuamua ipi aikubali. Uamuzi wa namna hiyo hauna kanuni. Hutegemea kitu kinachokaribiana na jicho la mchoraji, yaani uwezo wa kuhisi kwamba mwambao fulani haukai sawa na nchi inayoufuata.

Alipojaribu upimaji wa uwandani gharama ilikuwa kubwa. Alikwenda kuipima Lorraine, mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, na kwa maelezo ya Ghim safari hiyo nusura imwue. Alirudi akiwa amevunjika mwili na kutetereka akili. Ramani ya Lorraine hakuichapisha.

6.0 Ramani ya Mwaka 1569

Tatizo lililomkabili Mercator laweza kuelezwa kwa maneno mepesi. Uso wa tufe hauwezi kutandazwa juu ya karatasi bila kuvutwa au kukatwa mahali fulani. Anayemenya chungwa na kujaribu kulilaza ganda lake mezani analijua hilo. Kila mchoraramani hulazimika kuchagua kitu cha kuharibu. Ramani za baharini za wakati ule zilichorwa kama kwamba dunia ni bapa, na nahodha aliyezifuata katika safari ndefu alijikuta mbali na bandari aliyoikusudia.

Mercator aliamua kuuokoa mwelekeo. Alitaka mstari wa dira, uliopinda juu ya tufe lake la 1541, unyooke juu ya karatasi, ili nahodha aunganishe bandari mbili kwa rula, apime pembe, na kuishika pembe hiyo hadi mwisho wa safari. Ili jambo hilo litimie, mistari ya longitudo ilipaswa kuchorwa sambamba. Lakini juu ya tufe mistari hiyo haiko sambamba: hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha, na kufikia latitudo ya nyuzi 60 nafasi iliyo baina yake ni nusu ya ile iliyoko ikweta. Kuiweka sambamba ni kuitanua nchi kutoka mashariki hadi magharibi. Basi Mercator aliitanua pia kutoka kusini hadi kaskazini, kwa kiasi kilekile, akiziweka latitudo mbalimbali zaidi na zaidi kadiri anavyoiacha ikweta. Kwa njia hiyo kila kipande kidogo cha nchi kilibaki na umbo lake, na pembe zikabaki pembe.

Namna alivyopata nafasi hizo za latitudo ndipo lilipo fumbo. Hakuacha jedwali wala uthibitisho. Katika maelezo yaliyochapishwa juu ya ramani yenyewe alitaja tu kusudi lake na wazo la kutanua kwa uwiano. Hisabati iliyohitajika kulitatua tatizo hilo kikamilifu haikuwapo. Mwingereza Edward Wright alieleza msingi wake mwaka 1599, kwa kujumlisha sekanti za pembe hatua kwa hatua, na kanuni kamili ilithibitishwa na James Gregory mwaka 1668, karibu miaka mia moja baada ya ramani kutoka. Inaelekea Mercator alitumia bikari na rula, akihamisha vipimo kutoka kwenye tufe hadi kwenye karatasi na kurekebisha hadi mistari iliponyooka. Hii si kumpunguzia heshima. Mtu aliyetumia miaka thelathini kunakshi vipande vyembamba vya karatasi vya kubandikwa juu ya tufe alijua kwa vidole vyake jinsi uso wa duara unavyokataa kulala. Wanaosema kwamba alibahatisha wanasahau shule hiyo ya vidole. Na wanaomfanya mwanahisabati mtupu wanampa kanuni ambayo hakuwa nayo.

Ramani yenyewe ni kubwa, karatasi 18 zenye upana wa jumla wa mita mbili hivi. Haifanani kabisa na kifaa cha kisayansi kama kinavyofikiriwa leo. Ina maandishi marefu ndani ya fremu za nakshi, vyombo vya baharini, na picha za wafalme. Katika ncha ya kaskazini, ambayo isingeweza kuonekana katika mtandazo huo kwa kuwa iko mbali bila kikomo, aliongeza ramani ndogo ya pembeni. Humo zimo nchi nne zilizogawanywa na mito mikuu, na katikati yake jabali jeusi. Habari hizo alizichukua katika masimulizi ya msafiri wa zamani. Upande wa kusini aliweka bara kubwa lisilokuwapo, kwa hoja kwamba dunia haiwezi kuwa na uzani sawa bila nchi ya kusawazisha ile ya kaskazini. Hoja hiyo ilikuwa ya kifalsafa. Mchoro wake ulikuwa na milango ya mito na rasi kana kwamba imepimwa. Hapa mkono stadi ulidhuru. Mwambao wa kubuni uliochorwa kwa mstari uleule mzuri kama mwambao wa Flanders uliwafanya wasomaji waamini yote mawili kwa kiwango kimoja.

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa katika hali ya kati. Baada ya safari ya Vasco da Gama mwaka 1498, Wareno walikuwa wameyapeleka Ulaya majina ya Malindi, Mombasa, Kilwa na Sofala, na wachoraramani waliyapanga kwa utaratibu unaokubalika. Nyuma ya mstari huo wa miji, bara lilijazwa kwa mito na maziwa ya Ptolemy. Maarifa ya mabaharia wa Bahari ya Hindi, waliosafiri kwa nyota na kwa misimu ya kaskazi na kusi, yaliingia katika ramani hizo kwa sehemu tu na bila kutajwa wenyewe.

Manahodha hawakuipokea ramani hiyo upesi. Kipimo chake cha masafa hubadilika kutoka latitudo moja hadi nyingine, na njia ya kuaminika ya kuijua longitudo chombo kikiwa baharini haikupatikana hadi karne ya 18. Ilipopatikana, mtandazo wa Mercator ukawa lugha ya pamoja ya mabaharia wa dunia nzima. Kosa lilifanyika pale ramani iliyokusudiwa kwa rula ya nahodha ilipopelekwa ukutani mwa darasa. Afrika ina eneo la kilomita za mraba milioni 30 hivi, yaani kama mara 14 ya Greenland, lakini mtoto aliyeitazama ramani hiyo kila siku hakuliona hilo. Katika miaka ya 1970 Mjerumani Arno Peters aliishambulia vikali, akidai kwamba inazikuza nchi za Ulaya na kuzidunisha zile za ukanda wa joto. Na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kutaka iachwe. Malalamiko hayo yana haki yake yote kuhusu ramani za ukutani. Kuhusu Mercator mwenyewe hayana. Aliandika katika kichwa cha ramani yake kwamba imerekebishwa kwa matumizi ya wasafiri wa baharini, na aliijua hasara aliyoikubali. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba uchaguzi wa kitu cha kuharibu si wa kihesabu. Hesabu humwambia mchoraji kwamba ni lazima aharibu. Haimwambii aharibu nini.

7.0 Atlas

Robo karne ya mwisho ya maisha yake ilitawaliwa na mpango mkubwa kupita nguvu za mtu mmoja: kuandika kosmografia kamili, yenye kuumbwa kwa ulimwengu, mbingu, nchi kavu na bahari, nasaba za wafalme na mfululizo wa matukio tangu mwanzo. Sehemu ya matukio ilitoka mwaka huohuo wa 1569, na ikapigwa marufuku na Kanisa. Mwaka 1578 alitoa upya ramani 27 za Ptolemy. Wengi wangetarajia azisahihishe. Yeye aliziacha kama Ptolemy alivyozikusudia, akiziheshimu kama kumbukumbu ya kale, na ramani za kisasa akaziweka mbali. Mwaka 1585 zilitoka ramani 51 za Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani, na mwaka 1589 zile za Italia na nchi za Balkani.

Rafiki yake Abraham Ortelius alikuwa amemtangulia tangu mwaka 1570 kwa kitabu cha ramani kilichouzwa sana. Ortelius alikusanya ramani za watu wengine. Mercator alizichora zote upya, akazinakshi kwa mtindo mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwake. Misiba nayo ilimwandama. Mkewe Barbara alifariki mwaka 1586, na mwanawe mkubwa Arnold, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi, alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1590 alipata kiharusi kilichoupooza upande wake wa kushoto. Mkono wa kulia ulibaki mzima, akaendelea kufanya kazi kwa kadiri alivyoweza. Alifariki tarehe 2 Desemba 1594, akazikwa Duisburg.

Mwanawe Rumold aliyakusanya mabamba yaliyokuwapo, wajukuu wakachangia ramani za mabara, ile ya Afrika ikiwamo, na kitabu kikatoka mwaka 1595 kikiwa na ramani 107 na jina alilolichagua marehemu: Atlas. Ni Mercator aliyeanza kulitumia neno hilo kwa kitabu cha ramani. Watu wengi huamini kwamba alimkusudia jitu la visasili vya Kiyunani lililohukumiwa kuibeba mbingu mabegani. Maelezo yake ya utangulizi yanamtaja mwingine: mfalme Atlas wa Mauretania, Afrika ya Kaskazini, msomi wa falsafa, hisabati na elimu ya nyota, aliyesimuliwa kuwa mtu wa kwanza kutengeneza tufe la mbingu. Mfalme huyo habebi kitu. Katika picha ya ukurasa wa kwanza ameketi na matufe yake.

Kitabu hakikuuzwa vizuri, kwa kuwa Ortelius alikuwa ameliteka soko. Mwaka 1604 mabamba ya shaba yalinunuliwa na Jodocus Hondius wa Amsterdam, mnakshi na yeye, aliyeongeza ramani mpya na kukitoa tena mwaka 1606. Toleo hilo liliuzwa mno, na matoleo mengi yakafuata katika lugha mbalimbali za Ulaya. Katika mabamba ya zamani, herufi za mlazo zilizochorwa na mkono wa Mercator ziliendelea kupigwa chapa kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake, hadi shaba ilipochakaa.